Don Jiwe Anasalimia Watu

Nianze kwa kusema kwamba Masese anajua kurap. Naliweka hilo mbele kwa sababu nitamsema vibaya mpaka mwisho, na sitaki mtu aje kuniambia eti nina wivu. Wivu wa nini? Mimi ndiye niliyemrekodi. Naitwa Gentrix Aloo, nimetoka huko chini ziwani, na huu ni mwaka wa tano nikiwa na studio hapa Masimba, huku Kisii, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Ukuta mzima nimeubandika trei za mayai kuzuia sauti, lakini jogoo wa jirani ameshaingia kwenye nyimbo tatu za kwaya na hakuna aliyelalamika.

Kwaya ndizo zinazonilisha. Kwaya za Wasabato, kwaya za Wakatoliki, na nyimbo za kuaga marehemu ambazo familia huzitaka kesho asubuhi. Hip-hop hainipi hata chumvi. Lakini ndiyo iliyonitoa nyumbani, na yeyote anayebisha mlango akiwa na daftari la mistari namfungulia, hata kama kwaya iko nje inanuna.

Ndivyo Masese alivyoingia, mwaka juzi. Kijana wa Tabaka, miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Mzee Ogoti mchongaji wa mawe. Jina la usanii: Don Jiwe. Shingoni alikuwa na mnyororo wa dhahabu mnene kama kamba ya ng'ombe. Nikaugusa. Yawa! Lilikuwa jiwe la Tabaka. Baba yake alikuwa amelichonga pete kwa pete, halafu mwana akalipulizia rangi ya dhahabu, ile ya kupaka mageti. Mnyororo ulikuwa mzito mno, kwa hiyo alikuwa akirap ameinama, na mimi mwezi mzima nikadhani hiyo ndiyo staili yake.

Nyimbo zake za kwanza, Mungu anisamehe kwa kuzirekodi. Bunduki, magari ya milango inayofungukia juu, maadui wa mtaani. Mtaa gani? Adui pekee aliyewahi kumkimbiza Masese ni bata mzinga wa katekista. Silaha pekee aliyowahi kushika ni panga la kukatia ng'ombe nyasi. Na yote hayo aliyasema kwa lafudhi ya Nairobi ya kuazima, ameviringisha ulimi mpaka mate yanaruka kwenye maikrofoni yangu.

"Hip-hop ni mtaa, sistee," akaniambia.

"Na wewe mtaa umeuona wapi?"

"Kwa simu."

Angalau hakunidanganya.

Halafu nyanya yake akafariki. Magokoro, ndivyo wanavyomwita nyanya huku, na huyu magokoro ndiye aliyemlea Masese tangu akiwa mchanga. Nilikwenda mazishini kwa sababu mimi ndiye niliyerekodi wimbo wa kumuaga. Kama hujawahi kufika mazishi ya huku, wacha nikwambie kuna kitu kinaitwa kusalimia watu. Mtu mwenye cheo, au anayetafuta cheo, au aliyewahi kukaa karibu na mwenye cheo, hawezi kufika mahali pa umati akaondoka bila kusalimia watu. Anapewa maikrofoni asalimie tu, dakika moja. Anaanza kwa kuwatambua walioko mbele, mmoja mmoja, kwa jina na cheo. Kisha anasema hana mengi. Ukisikia mtu amesema hana mengi, tafuta kiti.

Siku ile waliosalimia watu walikuwa kumi na saba. Nilihesabu. Wa mwisho alikuwa Mheshimiwa mmoja ambaye ameshindwa uchaguzi mara mbili lakini jina la Mheshimiwa amekataa kulirudisha. Huyo peke yake alichukua saa nzima na robo. Mvua ikaja, maana kule mvua ya alasiri haihitaji mwaliko. Kaburi likajaa maji. Vijana wakayateka kwa ndoo, yakajaa tena, na Mheshimiwa bado alikuwa chini ya hema anawatambua wajumbe. Mwishowe nyanya wa watu alishushwa ndani ya matope na sanduku likafanya sauti ambayo sitaisahau. Masese alikuwa amesimama pale, mvua inamchapa, mkono wake umekaa hewani mahali sanduku lilipokuwa.

Baada ya wiki moja akaja studio bila mnyororo. Hakunisalimia. Akasema, "Weka ngoma yoyote," akarap kwa Ekegusii, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani. Kiitikio tu ndicho kilikuwa Kiswahili, na wimbo aliuita "Maiti Anangoja":

Magokoro kwa sanduku, wewe bado kwa sera,
Shimo limejaa maji, wewe wahesabu kura.
Weka chini maikrofoni, tumwekee udongo,
Amelima miaka themanini, hajawahi sema uongo.

Nilivua vipokea sauti vya masikioni nikalia. Miaka kumi nimekuwa kwenye kazi hii, sijalia kwa sababu ya wimbo hata siku moja. Nikamwambia, "Masese, huu ndio wimbo. Ile takataka nyingine tutaifuta." Akacheka huku anajifuta pua. Nilimpenda sana siku hiyo, kama mtu anavyompenda ndugu yake mdogo aliyefaulu mtihani.

Nikakata nusu dakika ya wimbo ule nikamtumia Sharon. Huyu Sharon ni mwanamke wa Nairobi anayetengeneza albamu ya warapa wa mikoani, kila pembe ya nchi mmoja, wanakaa mjini miezi sita wakirekodi na prodyuza wao. Na prodyuza wao, umesikia? Huyo angekuwa mimi. Nisingekuwa tena mtu wa kuamshwa na familia inayotaka wimbo wa marehemu. Sharon akajibu siku hiyo hiyo: sauti ameipenda, lakini hachukui mtu kabla ya kumwona mbele ya watu, akiwa na maikrofoni mkononi. Angekuja Jumapili moja tu. Akitoka kwetu angekimbilia ndege Kisumu, kwa hiyo saa tisa kamili angeondoka, liwe liwalo.

Basi, tukahitaji jukwaa. Hapo ndipo nilipokosea. Niliwaendea watu wa kamati.

Hamjui kamati? Kuna Chama cha Maendeleo ya Hip-hop, Kisii na Nyamira. Kina viongozi kumi na wanne. Warapa ni watatu, na mmoja wao alishahamia Nakuru kuuza simu. Mwenyekiti ni Bwana Nyasani, mwalimu mstaafu mwenye duka la mabati, ambaye hip-hop huiita "ile michezo ya vijana". Nyamira walipolalamika kwamba mwenyekiti ametoka Kisii, wakapewa mwenyekiti mwenza. Kisii wakalalamika kwamba mwenza ana kiti sawa na cha mwenyekiti, basi kiti cha Nyasani kikaongezwa mto. Wana mhuri. Wana mpango wa ziara ya mafunzo Marekani, wajumbe sita, na hakuna mrapa hata mmoja kati ya hao sita kwa sababu, waliniambia, nafasi ni chache. Na mlezi wa chama ni nani? Ni yule yule Mheshimiwa wa mazishi.

"Masese," nikamwambia, "unajua mlezi wao ni nani?"

"Najua."

"Na utaimba ule wimbo mbele yake?"

"Nitamwimbia machoni, sistee. Nitamshukia mpaka atafute kofia yake." Akapiga kifua. Nikamwamini, mjinga mimi.

Siku ikafika, uwanja wa Nyaramba karibu na soko. Jumapili ilikubaliwa, baada ya misa, kwa kuwa Jumamosi ingegongana na Sabato. Watu walijaa, nisiwadanganye. Vijana waliteremka kutoka vilima vyote, wasichana wamesuka, akina mama wamekuja na mandazi yao kuuza. Makochi ya mwenyekiti yalikuwa yametolewa nyumbani kwake yakawekwa chini ya hema la wakubwa, na vitambaa vyake vya kufumwa. Bango limeandikwa saa nne. Tukaanza saa sita.

Maombi mawili, la Kisabato na la Kikatoliki, na la pili likawa refu ili lisionekane dogo. Kisha Bwana Nyasani akasimama kusalimia watu. Akatambua. Akakaribisha mwenyekiti mwenza, naye akatambua wale wale, kwa mpangilio mwingine, kuanzia Nyamira. Sharon alifika saa saba, nikampa kiti karibu na mitambo yangu.

"Wanaanza saa ngapi?" akaniuliza.

"Wameshaanza," nikamwambia kwa aibu.

Saa nane mzungumzaji wa tisa alikuwa akituambia kwamba hip-hop ya Gusii itafika mbali. Wa kumi akasema itafika mbali sana. Nikamfuata Nyasani kwenye kochi lake nikapiga magoti kabisa, mimi Gentrix, kwenye nyasi.

"Mwenyekiti, tafadhali. Mgeni wa Nairobi anaondoka saa tisa. Mpeni Masese dakika kumi sasa, halafu mzungumze mpaka kesho."

Akanitazama kwa huruma, vile mwalimu anavyomtazama mtoto aliyepata sufuri. "Binti, wewe ni wa ziwani, huelewi. Mtoto apige kelele kabla wazee hawajasalimia watu? Watu watasema hatuna adabu."

"Na mvua, mwenyekiti? Angalia kule."

"Mvua ni ya Mungu," akasema, akachukua soda yake.

Mheshimiwa alishika maikrofoni karibu saa nane na nusu. Alisema hana mengi. Nilimwangalia Masese, amesimama pembeni ya jukwaa na mnyororo wake shingoni, midomo inachezacheza, anapitia mistari. Nikamwonyesha ngumi, naye akanionyesha yake. Sharon alitazama saa, akachukua mkoba, akasema atasimama mlangoni mwa gari asikose mwanzo. Mheshimiwa akaahidi jumba la hip-hop lenye ghorofa nne. Vijana walikuwa wameanza kupiga miluzi. Mwishowe, saa tisa kasoro dakika kumi na mbili, akasema, "Sasa nampisha kijana wetu."

Umati ulilipuka! Nilikuwa sijawahi kusikia kelele za namna hiyo Nyaramba. Wengine walishakijua kiitikio kwa kumsikia Masese akikiimba sokoni, walikuwa wakipaza, "Maiti! Maiti!" Masese akapanda. Nikaachia ngoma. Besi ikapiga, na nikaona Sharon amegeuka na simu yake juu, anarekodi. Dakika kumi na mbili, wimbo ni wa dakika tatu. Tungeweza kuuimba mara tatu na salio libaki.

Masese akainua mkono.

"Prodyuza, shusha kidogo."

Nikadhani anataka kuanza bila ngoma, kuwapa watu baridi mgongoni. Nikashusha.

"Hamjambo?" akasema. Watu wakajibu. "Hamjambo tena?" Wakajibu tena. "Mimi kabla sijaimba, nataka kwanza nitambue walioko mbele yangu. Mlezi wetu, Mheshimiwa. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Nyasani. Mwenyekiti mwenza. Katibu. Naibu wa katibu. Mweka hazina ambaye ametuma udhuru, yuko kwa harusi..."

Nikapandisha ngoma. Nyasani akanipungia mkono nishushe. Nikajifanya sioni. Masese mwenyewe, Masese wangu, akageuka akasema kwenye maikrofoni, mbele ya watu wote, "Prodyuza, tafadhali, heshima kidogo."

Jamani, nyani haoni kundule! Akawatambua wachungaji. Akamtambua mzee wa kijiji, na mzee wa kijiji cha pili asije akaumia. Akatambua mwakilishi wa wauza mboga. Midomo ilikuwa imeacha kuchezacheza. Sauti ilikuwa imetulia, pana, mkono mmoja mfukoni, hata tumbo lilianza kutokeza kidogo, nakuapia, na Masese hana tumbo. Vijana walipiga kelele "Maiti!" akawaambia watulie, wakati wao unakuja. Kisha akasema, "Na mwisho, si kwa umuhimu, namtambua baba yangu, Mzee Ogoti wa Tabaka. Tata, simama watu wakuone."

Mzee Ogoti alikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi, vumbi jeupe la mawe bado liko kwenye nyusi. Akasimama polepole, akavua kofia, na uwanja mzima ukampigia makofi. Alibaki amesimama, hajui akae au afanye nini.

Gari la Sharon liliondoka makofi yakiendelea. Tone la kwanza likaniangukia mkononi, na kabla sijafunika mashine, mvua ilikuwa imefika. Watu wakakimbilia vibanda vya soko. Masese hakufika hata kwenye mstari wa kwanza. Chini ya hema nikamwona Mheshimiwa amemshika bega, anawaambia wenzake kwamba huyu sasa ndiye kijana mwenye malezi, wengine wote ni wahuni tu. Na Don Jiwe anatabasamu.

Jioni Sharon akaniandikia. "Sikusikia wimbo, nilisikia majina. Pole, dada. Nimemchukua kijana wa Kakamega." Niliusoma ujumbe ule nikiwa nimeloa chapachapa, nikatukana kwa Kijaluo mpaka mama wa mandazi akafunika masikio, naye Kijaluo hakijui.

Jumanne asubuhi Masese akaja studio. Shati jeupe, kola, kalamu mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza, lakini alikuwa na furaha kiasi kwamba nilishindwa pa kuanzia.

"Sistee, nimechaguliwa. Naibu mratibu wa vipaji, kanda yote. Nimeingia kwa kamati!"

"Hongera. Sharon amechukua mtu wa Kakamega."

Uso ukaanguka, halafu akauokota. "Kutakuwa na Sharon wengine. Sasa tuko ndani, tutabadilisha mambo tukiwa ndani."

"Masese, ulikuwa na dakika kumi na mbili. Wimbo ni wa dakika tatu. Kwa nini?"

Akakaa kwenye kiti cha kwaya.

"Nilikuwa nimepanga kumshukia, haki ya Mungu," akasema. "Lakini niliposhika ile maikrofoni, nikaona wote wananiangalia, wakubwa wote, wanangoja kuona kama nimelelewa. Gentrix, baba yangu amechonga viboko na twiga miaka arobaini. Wanunuzi wanakuja, wanapakia, wanaenda. Hakuna mtu amewahi kusema jina lake mbele ya watu. Hata kwa mazishi ya mama yake mwenyewe walimruka. Mimi nimelisema. Ulimwona?"

Nilimwona. Na nitasema ukweli, hasira ikanichanganyikia na kitu kingine nikashindwa kuitoa. Maana ni kweli, mzee alisimama. Lakini angesimamishwa na wimbo pia, akasimamishwa Nairobi na kote nchini, na nyanya yake Masese naye angesimama pamoja naye. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Wimbo bado ninao. Leo jioni nauweka mtandaoni mzima, kama ulivyo. Hatuhitaji Sharon wala kochi la mtu."

Akaruka kutoka kwenye kiti. "Hapana! Hicho ndicho kimenileta. Mlezi amesikia habari zake. Anauliza kama kuna wimbo unaomtusi. Nimemwambia haupo."

"Upo."

"Ndiyo maana nakuomba usiwepo." Akainama kuelekea kompyuta yangu. "Ufute, sistee. Nikiona kwa macho yangu. Nitaandika mwingine, wa maendeleo."

"Na magokoro?"

"Magokoro angeelewa."

"Magokoro alizikwa ndani ya maji, Masese! Wewe ulikuwepo!"

Alitazama trei za mayai ukutani, macho yamejaa machozi, lakini mkono wake ulikuwa bado umenyooka kuonyesha kompyuta. Nje kwaya ya Kisabato ilikuwa imefika, walikuwa wakipasha sauti. Ningeweza kukataa. Nimefikiria hilo kila siku tangu hapo. Lakini sauti ile ilikuwa yake, na nyanya alikuwa wake, na mimi nilikuwa nimechoka na hasira zangu mpaka kwenye mifupa. Nikalifungua faili. Nikamwachia lipige mara moja tu, ili ajisikie akisema weka chini maikrofoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

Nikafuta. Nikamwonyesha mahali palipobaki patupu.

Masese akavuta pumzi, akaweka kola yake sawa, akanipa mkono, akanishukuru kwa niaba ya kamati.